Ibn Battuta: Hujaji aliyebebwa na wema wa watu asiowajua

MNAMO Juni 14, 1325, kijana wa miaka 21 aliwaaga wazazi wake mjini Tangier, Moroko, akashika njia kuelekea Makka kuhiji. Hakuwa na mwenzi wa safari wala msafara wa kuandamana nao.

Kijana huyo alikuwa Ibn Battuta, mzaliwa wa 1304 katika ukoo wa makadhi, ambaye baadaye alitambulika kama mmoja wa wasafiri wakubwa zaidi katika historia. Hata hivyo, kabla ya sifa hizo alikuwa mgeni mpweke, aliyenusurika kwa hisani ya watu wasiomjua asili wala fasili.

Alipofika Bijaya, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alishikwa na homa kali. Alishauriwa apumzike hadi apone lakini akakataa, akishikilia kwamba ikiwa ameandikiwa kufa, basi na afie njiani akielekea Makka.

Msafiri mwenzake waliyekutana njiani alipoona hatikisiki, alimshauri auze punda wake na mizigo mizito ili waende kwa wepesi, kisha akajitolea kumwazima mnyama wa kupanda na hema.

Karibu na mji wa Constantine, mvua kubwa iliwafurusha kutoka mahemani usiku. Kesho yake gavana wa mji aliona jinsi mavazi ya kijana huyo yalivyochafuka, akaagiza yafuliwe. Badala ya shuka yake iliyochakaa alimpelekea nyingine ya Baalbek, na katika pindo lake alikuwa amefunga dinari mbili za dhahabu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sadaka yake ya kwanza safarini.

Lakini lililomwingia moyoni zaidi halikuwa mali. Msafara ulipoingia Tunis, wakazi walitoka kuwalaki wageni, huku na huku watu wakisalimiana na kuulizana hali. Hakuna aliyemwamkua Ibn Battuta, kwani hakujulikana na yeyote. Upweke ukamzidi, akaangua kilio.

Hujaji mmoja alitambua kilichomliza. Alimwendea, akamsalimu na kumzungumzisha kwa upole hadi walipoingia mjini.

Mnamo 1326 aliwasili Damascus katika mwezi wa Ramadhani. Mwalimu mmoja wa sheria za Kiislamu, Nur al-Din al-Sakhawi, alimwalika kufuturu kwake. Baada ya siku chache homa ilimrudia, naye mwalimu huyo akamchukua nyumbani kwake, akamwitia tabibu na kumuuguza hadi Idi. Alipobaini kwamba mgeni wake ameishiwa, alimkodia ngamia, akampa masurufu na fedha za akiba. Mwaka huo Ibn Battuta alitimiza hija yake ya kwanza.

Safari zake zilimfikisha pia katika pwani yetu mnamo 1331. Alilala usiku mmoja Mombasa, akawasifu wenyeji kwa ucha Mungu wao, kisha akaendelea hadi Kilwa.

Huko alisimulia habari za Sultani al-Hasan bin Suleiman, aliyevua mavazi yake akampa maskini mmoja kutoka Yemen. Hatimaye maskini huyo alipewa pia watumwa 20 na pembe za ndovu. Ukarimu huo una doa: waliogeuzwa zawadi walikuwa binadamu, na hakuna aliyewahurumia.

Ibn Battuta alirejea Moroko mnamo 1349, wakati wazazi wake wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Simulizi zake zilikamilishwa kuandikwa mnamo 1355, na akaaga dunia takriban miaka 13 baadaye.

Ndani ya kitabu hicho yamo majina ya masultani, magavana na wanazuoni waliomfadhili. Yule hujaji wa Tunis hakutajwa jina. Hakuwa ametoa ila salamu, lakini miaka 30 baadaye aliyesalimiwa alikuwa bado anaikumbuka.