Cassini: Mhamiaji aliyeugundua mwezi wa rangi mbili

JINA la Cassini lilitajwa sana kati ya mwaka 2004 na 2017, wakati chombo cha anga chenye jina hilo kilipokuwa kikiizunguka sayari ya Zohali na kutuma picha za miezi yake. Mwenye jina hilo alikuwa amefariki karne tatu nyuma. Alizaliwa kijiji cha mpakani, akahamia nchi jirani na ujuzi wake, na huko akagundua miezi minne ya sayari hiyo hiyo.

Giovanni Domenico Cassini alizaliwa Juni 8, 1625, Perinaldo, kijiji cha milimani kilicho Italia ya leo, karibu na mpaka wa Ufaransa. Wakati huo hapakuwa na nchi moja iitwayo Italia, bali dola ndogondogo, kila moja na mtawala wake. Alisoma Genoa kwa mapadri Wajesuiti. Mwanzoni alivutiwa na unajimu wa kutabiri bahati, baadaye akauacha. Mwaka 1650, akiwa na miaka 25, akawa profesa wa falaki katika Chuo Kikuu cha Bologna.

Bologna ilikuwa chini ya Papa, na kazi yake haikuishia kwenye nyota. Alitumwa pia kushughulikia mgogoro wa maji ya mito kati ya miji ya Bologna na Ferrara.

Kilichompa jina Ulaya nzima ni majedwali aliyochapisha mwaka 1668, yaliyoonyesha ni lini kila mwezi mkubwa wa Mshtarii utaingia kwenye kivuli cha sayari hiyo. Tukio hilo huonekana kila mahali kwa wakati mmoja, lakini saa za miji hutofautiana kwa kufuata jua. Watu wawili walio miji tofauti wakiandika saa zao tukio linapotokea, tofauti yake huwaonyesha mji mmoja uko mashariki au magharibi ya mwingine kwa kiasi gani. Baharini njia hiyo ilishindikana kwa sababu darubini haitulii melini. Nchi kavu ilifanya kazi vizuri.

Avuka mpaka

Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa akamwita. Cassini alifika Paris mwaka 1669 kwa ruhusa ya muda tu, lakini hakurudi kwenye kazi yake Bologna. Alikabidhiwa shughuli za kituo kipya cha falaki, akapata uraia mwaka 1673, akaoa mwaka uliofuata na kuanza kuitwa Jean-Dominique.

Wapimaji wa Ufaransa walipotumia njia ya miezi ya Mshtarii, walikuta pwani ya magharibi imechorwa mbali mno baharini. Ramani mpya ikaipunguza nchi. Husimuliwa kwamba mfalme alilalamika kuwa wapimaji wake wamempotezea ardhi nyingi kuliko maadui zake.

Mwezi unaopotea

Oktoba 1671 Cassini aliona mwezi mpya upande wa magharibi wa Zohali. Leo unaitwa Iapetus. Ulipohamia upande wa mashariki, ukapotea. Uliporudi magharibi, ukaonekana tena. Mzunguko wake mmoja huchukua siku 79, hivyo kila jaribio lilidai subira.

Mwingine angedhani amekosea. Cassini aliamini daftari lake. Alihitimisha kwamba mwezi huo una upande mweupe na upande mweusi, na kwamba daima huielekezea Zohali uso uleule. Ndiyo maana ukiwa magharibi tunaona weupe, na ukiwa mashariki tunaona weusi. Mwaka 1705, kwa darubini bora zaidi, hatimaye aliuona mashariki, ukiwa hafifu sana. Alikuwa na karibu miaka 80.

Aligundua pia Rhea mwaka 1672, kisha Tethys na Dione mwaka 1684. Mwaka 1675 aliona nafasi inayozigawa pete za Zohali. Lakini hakuwa sahihi kila mara. Alikataa hoja ya Ole Rømer, mwenzake wa Paris, kwamba mwanga huchukua muda kusafiri, ingawa hoja hiyo ilitokana na miezi ileile ya Mshtarii. Alipofuka uzeeni na kufariki Paris Septemba 14, 1712.

Picha zatoa jibu

Chombo cha Cassini kilirushwa Oktoba 15, 1997, kwa ushirikiano wa Marekani, Shirika la Anga la Ulaya na Italia. Antena yake kubwa ilitolewa na Shirika la Anga la Italia, ambalo pia lina kituo Malindi, Kenya.

Picha za Iapetus zilionyesha upande mmoja mweusi kama makaa na mwingine mweupe wa barafu, kama mzee huyo alivyosema. Weusi huo huanza na vumbi linalotoka mwezi wa mbali uitwao Phoebe. Sehemu yenye vumbi hufyonza joto la jua, barafu yake ikageuka mvuke na kwenda kuganda upande mweupe. Kwenye ikweta ya mwezi huo kuna safu ya milima ambayo mahali fulani hufikia kilomita 20, zaidi ya mara tatu ya Kilimanjaro. Eneo jeusi limepewa jina la Cassini.

Kwenye Dione, michirizi myeupe iliyoonekana awali kwa mbali iligundulika kuwa magenge ya barafu. Tethys ina shimo lenye upana wa zaidi ya kilomita 400, wakati mwezi wenyewe una upana wa kilomita 1,060 hivi.

Mzigo aliouvusha Cassini mwaka 1669 ulikuwa majedwali na mazoea ya kuandika kila alichokiona, pamoja na alichokitafuta akakikosa. Chombo chenye jina lake kilitumbukizwa ndani ya Zohali Septemba 15, 2017, siku moja baada ya kutimia miaka 305 tangu kifo chake.