Corrie ten Boom: nyumba moja, urithi wa namna mbili

Katika makanisa yetu wako watoto ambao hawakuona vita vya kwanza, lakini wanajua ni watu gani wasiwasalimie. Hakuna aliyewafundisha hayo darasani. Waliyasikia usiku, mama akilia na baba akitaja majina ya waliouawa. Kidonda hurithiwa kama shamba. Tukiwaza hayo, tumekumbuka maisha ya mama mmoja wa Uholanzi, Corrie ten Boom.

Alizaliwa mwaka 1892, akakulia katika mji wa Haarlem, nyumbani mwa mafundi wa saa. Babu yake Willem alifungua duka lao mwaka 1837. Mwaka 1844 babu huyo alianzisha nyumbani kwake maombi kwa ajili ya Wayahudi, watu waliodharauliwa sana katika Ulaya. Mwanawe Casper aliupokea mzigo huo, kisha wajukuu wakaupokea. Kwa hiyo, Ujerumani ilipoivamia Uholanzi mwaka 1940 na Wayahudi wakaanza kuwindwa, jamaa hii ilikuwa imekwisha kujifunza kuwapenda. Ukuta wa uongo ulijengwa katika chumba cha Corrie, na nyuma yake watu wakafichwa.

Tarehe 28 Februari 1944, mwaka wa 100 tangu maombi yale yaanze, askari waliikamata jamaa hiyo katika nyumba ileile. Watu sita waliokuwa nyuma ya ukuta hawakuonekana, wakaokoka. Mzee Casper, mwenye miaka 84, alikufa gerezani baada ya siku 10. Corrie na dada yake mkubwa Betsie walipelekwa katika kambi ya Ravensbrück, Ujerumani. Betsie alifia huko Desemba 1944, na siku chache baadaye Corrie akaachiliwa.

Sasa Corrie alikuwa na urithi wa namna mbili: huruma ya babu yake, na damu ya baba na dada yake. Angeweza kuuchagua ule wa pili, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini vita vilipokwisha alifungua nyumba huko Bloemendaal kwa ajili ya waliotoka kambini. Huko aliona jambo ambalo sisi wachungaji tunaliona pia: waliosamehe waliweza kujenga upya maisha yao, hata wenye majeraha mwilini, waliotunza uchungu walibaki wagonjwa.

Mwaka 1947 alihubiri msamaha katika kanisa moja la München. Baada ya ibada mwanamume mmoja alimjia na kumnyoshea mkono. Corrie alimtambua: alikuwa mlinzi huko Ravensbrück. Mtu huyo alisema ameokoka, akaomba asamehewe. Mkono wa Corrie ulikataa kuinuka. Alimkumbuka Betsie, na moyoni hakuwa na upendo hata kidogo. Aliomba kimya, akaunyosha mkono kwa utii tu, na upendo ukaja nyuma ya mkono. Pia alisaidia kuigeuza kambi ya zamani huko Darmstadt kuwa makao ya Wajerumani waliopoteza nyumba zao. Alifariki mwaka 1983, siku aliyotimiza miaka 91.

Wandugu, sisi tunaoandika haya tumezika watu siku ya Jumamosi na kupanda mimbarani Jumapili. Mikono yetu pia imekataa kuinuka. Corrie hakusema kwamba uovu haukutendeka, wala msamaha hauondoi kazi ya haki. Aliyeumizwa alie, na ukweli usemwe. Lakini tuangalie tunasema nini watoto wanapotusikiliza kando ya moto. Yule babu wa Haarlem hakujua maombi yake yangezaa nini baada ya miaka 100. Jioni hii, katika maombi ya nyumbani, tuwataje kwa jina wale tunaowaogopa, na watoto wetu wasikie.