Steve McQueen na Vumbi la Meli ya Jeshi

Wapenzi wa sinema ambao leo ni watu wazima hawakosi kulijua jina la Steve McQueen, mchezaji wa filamu wa Marekani aliyefariki dunia tarehe 7 Novemba 1980, akiwa na umri wa miaka 50. Wengi humkumbuka kwa pikipiki na magari ya mbio. Sisi twamkumbuka leo kwa jambo jingine. Kabla ya kuwa mchezaji alikuwa askari, na maradhi yaliyomuua ndiyo yaliyowaua maaskari na mabaharia wengi ambao majina yao hayakupata kuandikwa popote. Maisha yake yana funzo kwa watu wa visiwani, ambao riziki yao haitengani na vyombo vya baharini, na kwa watumishi wa serikali, ambao ndio wenye kalamu na majalada.

McQueen alizaliwa tarehe 24 Machi 1930 huko Beech Grove, katika jimbo la Indiana. Baba yake aliitupa familia mtoto angali mchanga, na sehemu kubwa ya utoto wake aliipitisha kwa jamaa wa upande wa mama, katika shamba karibu na Slater, jimbo la Missouri. Alipokuwa kijana alipelekwa katika shule ya kurekebisha tabia huko Chino, California. Mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 17, alijiandikisha katika jeshi la Marine, yaani askari wanaosafirishwa kwa meli kwenda kupigana nchi kavu.

Hakuwa askari mtiifu tangu mwanzo. Alitoroka kambini, akafungwa, na zaidi ya mara moja alishushwa cheo. Baadaye alitulia, akatumikia kwa bidii, na mwaka 1950 aliruhusiwa kuondoka jeshini kwa heshima. Msaada wa masomo waliokuwa wakipewa maaskari wastaafu ndio uliomwezesha kusomea uigizaji mjini New York. Filamu za The Magnificent Seven ya mwaka 1960 na The Great Escape ya mwaka 1963 zilimpa sifa dunia nzima. Katika The Sand Pebbles ya mwaka 1966 aliigiza baharia wa chumba cha mitambo katika manowari, yaani mtu wa mahali pale pale ambapo hatari tunayoizungumzia ilikuwa kubwa kuliko pengine pote melini.

Hatari hiyo ni asbesto. Haya ni madini yenye nyuzinyuzi yasiyoshika moto, na kwa sababu hiyo meli za jeshi zilijazwa asbesto: juu ya mabomba ya mvuke, kwenye tanuri, kwenye kuta za vyumba. Ikiachwa bila kuguswa haina madhara makubwa. Lakini ikikatwa, ikibanduliwa au ikisagika, hutoa vumbi la nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Nyuzi hizo huvutwa kwa pumzi na kukaa mwilini, na aghalabu huchukua miaka 20 hadi 50 kabla ya kuleta saratani ya mapafu au ile iitwayo mesotelioma, inayoshika utando unaoyazunguka mapafu.

McQueen mwenyewe alieleza kwamba alipokuwa askari alipewa kazi ya kubandua asbesto kwenye mabomba ya meli. Aliwahi pia kuvaa nguo za kuzuia moto za madereva wa mashindano na kufanya kazi katika majumba ya kupigia filamu, ambamo asbesto ilitumika vile vile. Hakuna daktari awezaye kusema ni unyuzi upi uliomdhuru. Lililo dhahiri ni kwamba mwaka 1978 alishikwa na kikohozi kisichokoma, na mwishoni mwa mwaka 1979 vipimo vilionyesha mesotelioma. Miaka 30 hivi ilikuwa imepita tangu utumishi wake.

Mesotelioma haikuwa na tiba ya kuiponya, na madaktari wa kwao hawakumpa matumaini. Kwa kukata tamaa alikwenda Mexico, akajitia mikononi mwa mtu aliyesomea udaktari wa meno na aliyedai kutibu saratani kwa vyakula na dawa zisizothibitishwa. Alitumia mali nyingi, na maradhi yakaendelea. Alifariki mjini Ciudad Juárez, saa chache baada ya kupasuliwa.

Tusidhani kwamba maradhi haya huchagua mnyonge tu. Elmo Zumwalt, aliyekuwa mkuu wa jeshi la maji la Marekani tangu mwaka 1970 hadi 1974, naye alifariki kwa mesotelioma Januari 2000. Vumbi halikumwuliza cheo chake.

Wala tusidhani kwamba dunia haikuwa na habari. Uingereza ilitunga kanuni za kuzuia vumbi la asbesto viwandani tangu mwaka 1931, kwa kuwa lilikuwa likiharibu mapafu ya wafanyakazi. Mwaka 1960 Dakta J. C. Wagner na wenzake walieleza uhusiano wa mesotelioma na asbesto ya machimbo ya Afrika ya Kusini. Hata hivyo, amri ya Marekani ya kupiga marufuku asbesto nyeupe ilitolewa Machi 2024.

Basi yatupasa kujiuliza. McQueen alikuwa tajiri, na kila hatua ya maisha yake iliandikwa. Askari au kuli wa kawaida hana mwandishi. Nchini Marekani askari mstaafu anayedai fidia hutakiwa kuonyesha kwamba alikutana na asbesto katika utumishi wake. Ataonyesha kwa nini, ikiwa jalada lake limepotea, au halikuandikwa ni kazi gani aliyopewa? Maradhi yanayokuja baada ya miaka 30 hayana shahidi isipokuwa karatasi.

Kwa hiyo twasema kwamba kila idara inayoajiri watu kutengeneza meli, kubomoa majengo ya zamani au kuondoa mapaa na mabomba ya asbesto haina budi kuandika nani alifanya kazi hiyo, wapi na lini, na kuitunza kumbukumbu hiyo hata baada ya mtu kustaafu. Asbesto isikatwe kwa msumeno wala kufagiwa ikiwa kavu. Ilowanishwe kwanza, na wafanyakazi wapewe vifaa vya kuzuia vumbi lisiingie puani na kinywani. Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani, kwani mke anayezifua huvuta vumbi lile lile. Na mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo, akipata kikohozi kisichokwisha au akapungukiwa na pumzi, aende hospitali na amwambie daktari kazi aliyoifanya zamani, hata kama hakuulizwa.