Anthony Allison: Aliyefumbua fumbo la selimundu na malaria

KATIKA mabonde yenye mbu wengi, Mngeta na Ifakara yakiwamo, familia iliyozika watoto kadhaa kwa maumivu ya viungo na upungufu wa damu ilidhaniwa kuwa imelogwa, na mara nyingi lawama zilimwangukia mama. Daktari Anthony Allison ndiye aliyeonyesha kwa nini ugonjwa huo wa kurithi, selimundu, umeota mizizi kwenye maeneo ya malaria.

Allison alizaliwa Agosti 21, 1925, mjini East London, Afrika Kusini, akakulia Gilgil, Kenya, katika shamba la baba yake. Alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha Oxford, Uingereza.

Mwaka 1949 alirejea Kenya na msafara wa Oxford, akapima damu za makabila mbalimbali. Matokeo yalimshangaza. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kati ya kila 100 walikuwa na chembe za selimundu. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, hawakufika hata mmoja. Ugonjwa uliokuwa ukiua watoto kabla hawajapata watoto wao ulipaswa kufifia. Kwa nini haukufifia? Allison alishuku kuwa jibu ni malaria.

Mwaka 1953 alirudi Afrika Mashariki kulithibitisha wazo hilo. Alibaini kuwa watoto wa Uganda waliorithi jeni moja tu ya selimundu hawakuwa na vimelea vya malaria kwa wingi kama wenzao. Aliwaambukiza pia malaria watu wazima 30 waliojitolea, jaribio ambalo leo lingezua maswali mazito ya maadili. Kati ya 15 wasio na jeni hiyo, 14 waliugua; kati ya 15 wenye nayo, wawili tu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1954, na wanasayansi wengi waliyatilia shaka kwa muda.

Baadaye alihamia Marekani, ambako yeye na mkewe, Elsie Eugui, walishiriki kutengeneza dawa inayozuia mwili kukikataa kiungo kilichopandikizwa. Alifariki dunia Februari 20, 2014, jimboni California, akiwa na miaka 88.

Urithi wake unazigusa familia za Kilombero hadi leo. Jeni moja ni ngao dhidi ya malaria kali. Jeni mbili ni ugonjwa, na mtoto mwenye nazo hulemewa upesi na malaria hiyo hiyo. Baba na mama wanaobeba jeni moja moja huonekana wazima kabisa, lakini katika kila ujauzito kuna uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Kila mzazi huchangia jeni moja, hivyo hakuna sababu ya kumfukuza mama wala kumtafuta mchawi. Kinachohitajika ni kupima damu mapema, ili mtoto aanze matibabu angali mchanga.