Jerry Lawson, fundi mweusi aliyefungua njia ya kuchagua mchezo

Kamatanda, mjini Likasi, ni kama mitaa mingine mingi ya mashariki: vijana wakikutana mbele ya televizyo kucheza michezo ya video, ubishi unaanza kabla ya mchezo wenyewe. Tunaweka nini sasa? Mmoja anataka mpira, mwengine anataka magari, mdogo wao analilia ngumi. Mara nyingi mwenye feza ya kulipa zamu njo anaamua, na umeme wa SNEL ukikatika hakuna tena wa kuamua.

Ubishi huo unaonekana kitu cha kawaida, kama kuuliza leo tunakula bukari na samaki ao na sombe. Kumbe kuna wakati hakukuwa kitu cha kuchagua. Mashini ya michezo ilitoka kiwandani na michezo yake ndani, imefungwa humo kwa siku zote. Ukiichoka michezo ile, umeichoka na mashini. Ilibaki kuiweka kabatini.

Mtu aliyeongoza kazi ya kubadilisha hali hiyo alikuwa Mmarekani mweusi, Gerald Anderson Lawson. Wenzake walimwita Jerry. Alikufa mwaka wa 2011, na wengi wanaoshika maneti leo hawajasikia jina lake hata siku moja.

Mtoto wa redio

Lawson alizaliwa tarehe 1 Desemba 1940 kule Brooklyn, New York, wakati Likasi ilikuwa bado inaitwa Jadotville. Alikomea Queens, katika nyumba za serikali za watu wenye mapato madogo. Baba yake alitumika bandarini, kazi ya kupakua meli, lakini nyumbani alikuwa mtu wa kusoma vitabu vya sayansi. Babu yake alikuwa amesomea fizikia. Wakati ule mtu mweusi hakupewa kazi ya elimu kama hiyo, basi mzee akaishia katika kazi ya posta.

Mama yake Jerry hakutaka hadithi ya babu irudie kwa mtoto. Alikuwa anazunguka masomo mbalimbali, anawauliza waalimu na wakubwa wao maswali makali, mpaka apate mahali ambapo mwana wake atafundishwa sawasawa. Alifikia hata kuongoza kamati ya wazazi. Mwalimu mmoja wa darasa la kwanza alimwekea Jerry karibu na kiti chake picha ya George Washington Carver, mwanasayansi mweusi aliyezaliwa mtumwa, ili mtoto ajue mahali anaweza kufika.

Alipokuwa na miaka 13 alipata ruhusa ya kurusha redio kama mtu binafsi, akajijengea kituo kidogo nyumbani. Vipande alinunua moja moja katika maduka ya karibu. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba akitengeneza televizyo za watu, na feza ya vipande vingine ilitoka hapo. Kila mtaa wa Likasi unamjua mtoto wa namna hii: redio ya jamaa ikikufa, yeye anaifungua kwanza aangalie ndani, mengine atajibu kesho.

Aliingia Queens College, kisha City College ya New York, lakini hakumaliza diplome. Kusoma hakuacha. Alitumika katika makampuni ya vifaa vya umeme na vya ndege, akahamia California, na mwaka wa 1970 akaingia Fairchild Semiconductor, moja ya makampuni makubwa ya chipu duniani. Mainjenia weusi kule walikuwa wachache sana. Tena Lawson alikuwa mtu mrefu, mnene, na wengine waliomjua kwa simu tu walishangaa walipomwona kwa macho.

Mchezo wa garaji

Kazi yake Fairchild ilikuwa kusaidia wateja kutumia chipu za kampuni. Lakini jioni, katika garaji ya nyumba yake, alikuwa anatengeneza mchezo wake wa kutumia sarafu, Demolition Derby, mchezo wa magari yanayogongana. Ndani aliweka F8, chipu ya Fairchild yenyewe. Wakubwa wake walipopata habari, hawakumfukuza. Walimuuliza kama anaweza kuifanyia kampuni kitu cha namna hiyo.

Hapa inafaa kueleza michezo ilikuwa wapi siku zile. Mashini ya kwanza ya nyumbani, Magnavox Odyssey ya Ralph Baer, ilitoka mwaka wa 1972. Ilikuwa na kadi za kubadilisha, lakini kadi hizo hazikubeba mchezo wowote. Ziliunganisha tu kwa namna nyingine nyaya zilizokuwa tayari ndani ya mashini. Mwaka wa 1975 Atari ilileta Pong ya nyumbani: mchezo mmoja, basi.

Wazo la kuweka mchezo wenyewe katika kipande kinachotoka na kuingia halikuzaliwa kwa Lawson, na ni vizuri kulisema wazi. Lilitoka kwa watu wawili wa kampuni Alpex ya Connecticut, Wallace Kirschner na Lawrence Haskel. Wao walikuwa na kielelezo kilichofanya kazi, lakini hakikuwa kitu cha kumpa mtoto wa miaka saba. Fairchild ikanunua haki ya kukitumia, na Lawson akapewa kuongoza kazi ya kukigeuza kuwa bidhaa. Alitoa chipu ya zamani, akaweka F8. Ron Smith alishughulika na namna vipande vinavyoshikana, Nick Talesfore akachora umbo.

Kazi haikuwa nyepesi. Wakati ule hakuna mtu aliyekuwa amempa raia wa kawaida chipu ya kuchomeka na kuchomoa mara elfu. Vidole vya watoto ni vichafu. Umeme mdogo unaotoka mwilini, ule unaochoma kidole ukishika chuma wakati wa baridi, unatosha kuua chipu. Basi chipu ikafichwa ndani ya kaseti ngumu ya plastiki ya rangi ya manjano, na mashini ikagusana nayo kwa meno madogo ya shaba. Ndiyo, shaba, ile metali iliyoufanya mji wa Likasi uwepo. Mwaka ule wa 1976 jimbo lote la Katanga lilikuwa linaitwa Shaba.

Kulikuwa na vita ya pili, na ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia mawasiliano. Mashini za namna hii zinatoa mawimbi, na mawimbi yanaharibu picha ya televizyo ya jirani. Ofisi ile ilitaka mashini ipimwe, na kila kaseti mpya ipimwe pia. Ilibidi kufunika sehemu za ndani kwa chuma ili mawimbi yasitoke. Aliyeanza maisha yake na redio alikuwa sasa anazuia mashini yake isigeuke redio.

Siku mchezo ulipopata mlango

Channel F ilitoka Novemba 1976. Mashini iliuzwa karibu dola 170, kila kaseti karibu dola 20. Ndani mlikuwa michezo miwili, tenisi na hoki, na mingine yote ilikuja kwa kaseti. Ilikuwa pia na kifungo cha kusimamisha mchezo katikati, kitu ambacho mashini za nyumbani hazikuwa nacho. Mama akiita, mtoto anaweza kuitika na kurudi akute mpira mahali alipouacha.

Kwa mara ya kwanza, mtu mwenye mashini nyumbani aliweza kuuliza: mchezo gani unafuata? Na mchezo uligeuka kitu cha kushika mkononi. Unaweza kumwazima rafiki, kubadilishana, kuuza ukiuchoka. Hapo njo biashara yote ya michezo ilianzia, toka maduka makubwa ya Tokyo mpaka chumba kidogo cha mtaani chenye televizyo moja na benchi mbili.

Lakini kufungua njia ni jambo moja, kufika wa kwanza ni lingine. Septemba 1977 Atari ilitoa mashini yake ya kaseti, VCS. Fairchild ilikuwa kampuni ya chipu, haikuwa na roho ya michezo. Kaseti zake hazikufika hata 30, na mingi ilikuwa michezo ya kujifunza, ya karata na ya hesabu. Mwaka wa 1980 Atari ilileta Space Invaders nyumbani, na watu wakanunua mashini juu ya mchezo huo mmoja. Hapo wenye makampuni walipata somo ambalo kila kijana analijua leo bila kufundishwa: mtu hachagui mashini, anachagua mchezo, na mashini inafuata.

Fairchild ilikuwa imekwisha kuachana na kazi hiyo, na haki za Channel F zilipita kwa kampuni Zircon mwaka wa 1979. Mwaka wa 1980 Lawson akatoka, akaanzisha kampuni yake, Videosoft, ili kutengeneza programu za mashini ya Atari, yaani ya yule aliyemshinda. Ilikuwa kati ya makampuni ya kwanza kabisa ya michezo ya video kuanzishwa na mtu mweusi. Moja ya kazi zake haikuwa hata mchezo: ilikuwa kaseti ya kurekebisha rangi za televizyo. Kijana wa Queens hakuwa amesahau kazi yake ya kwanza.

Mwaka wa 1983 soko la Marekani lilianguka. Kila mtu alikuwa anatoa kaseti, nzuri na mbaya, na wazazi walishindwa kujua ipi inafaa. Maduka yakajaa michezo isiyotakwa hata kwa bei ya bure. Kuchagua, kitu ambacho Lawson alikuwa amekifungulia watu mlango, kulikuwa kumegeuka mzigo. Videosoft nayo haikudumu.

Jina lililochelewa

Miaka iliyofuata Lawson alitumika kama mshauri, akawasaidia pia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Kisukari kilimharibia mguu mmoja na jicho moja. Machi 2011 chama cha kimataifa cha watengenezaji wa michezo kilimpa heshima kama mmoja wa waanzilishi. Haukupita muda mrefu. Tarehe 9 Aprili 2011 alikufa, akiwa na miaka 70, akaacha mke na watoto wawili.

Kisha jina lake likaanza kusimama. Jumba la makumbusho la michezo la Rochester limeweka kazi yake mbele ya watu. Mwaka wa 2021 Chuo Kikuu cha Southern California kilianzisha mfuko wenye jina lake kwa wanafunzi weusi na wa asili wanaosomea michezo ya video. Tarehe 1 Desemba 2022, siku ambayo angetimiza miaka 82, Google iliweka sura yake kwenye ukurasa wake wa kwanza.

Leo mlango ule unaanza kufungwa tena polepole. Michezo mingi mipya haina diski: inanunuliwa kwa intaneti na inashushwa, giga kwa giga. Ule mchezo haupiti tena mkononi, hauazimwi, hauuzwi. Kwa kijana wa Kamatanda anayenunua mega kwa franka za kuhesabu, kushusha mchezo mmoja mkubwa ni ndoto ya wiki nyingi, na umeme ukikatika katikati, anaanza kuhesabu upya. Diski ya zamani inayozunguka toka nyumba moja mpaka nyingine, hata ikiwa na mikwaruzo, inamwachia bado haki ya kubishana na wenzake: tunaweka nini sasa? Haki hiyo ilikuja na mashini ya mtoto wa mpakua meli, aliyejifunza kazi ndani ya televizyo za majirani.