Haffkine: Mgunduzi wa chanjo ya tauni aliyetwikwa lawama za vifo 19

MNAMO Oktoba 30, 1902, wanakijiji 107 walichanjwa dhidi ya tauni huko Mulkowal, mkoani Punjab, India. Baada ya siku chache, 19 kati yao walishikwa na pepopunda, wakafariki. Wote walikuwa wamedungwa dawa ya chupa moja, iliyoandikwa 53N.

Lawama zilimwangukia Waldemar Haffkine, aliyeivumbua chanjo hiyo na kuisimamia maabara iliyoitengeneza mjini Bombay.

Haffkine alizaliwa mwaka wa 1860 katika familia ya Kiyahudi nchini Urusi ya enzi hiyo. Alisomea elimu ya viumbe mjini Odessa chini ya mwanasayansi Ilya Mechnikov. Kwa kuwa alikataa kuiacha dini yake, mlango wa ualimu wa chuo kikuu ulifungwa mbele yake. Alihamia Uswisi, kisha mwaka wa 1889 akafika Paris, ambako Taasisi ya Pasteur ilimpa kazi ya msaidizi wa maktaba.

Ni katika taasisi hiyo alikotengeneza chanjo ya kipindupindu. Julai 18, 1892 alijidunga mwenyewe kwanza. Alipatwa na homa, akapona. Mwaka uliofuata alielekea India, ambako watu zaidi ya 40,000 walichanjwa katika muda wa miaka michache.

Tauni ilipozuka Bombay mwaka wa 1896, serikali ya kikoloni ilimwita. Akifanya kazi katika chumba kidogo cha chuo cha udaktari, alipata chanjo kwa muda wa miezi mitatu hivi. Hapo tena alianza na mwili wake, Januari 10, 1897, kabla ya kuijaribu kwa wafungwa waliojitolea katika gereza la Byculla. Waliochanjwa waliugua na kufa kwa uchache kuliko wenzao.

Tauni hiyo ilisafiri kwa meli hadi bandari nyingi duniani. Mwaka huo wa 1902 ilizuka hata Nairobi, na soko la Wahindi likateketezwa kwa moto ili kuizima.

Kutokana na vifo vya Mulkowal, serikali iliunda tume ya uchunguzi. Ilibainika kwamba Haffkine alikuwa ameacha kutia asidi ya kaboliki katika dawa, akitegemea joto kuua viini, ili aweze kutengeneza chanjo nyingi kwa haraka. Tume iliamua kwamba uchafu uliingia chupani kule maabarani. Haffkine alisimamishwa kazi bila mshahara, akarejea Ulaya akiwa na jina lililochafuka.

Hata hivyo, kulikuwa na ushahidi uliopuuzwa. Siku ile ya Oktoba, msaidizi mmoja aliangusha kibanio chini, kisha akakitumia kufungulia kizibo cha chupa bila kukisafisha ipasavyo. Viini vya pepopunda huishi udongoni. Isitoshe, chupa hiyo ilikuwa imejazwa siku 41 awali. Iwapo viini vingekuwamo tangu wakati huo, dawa ingenuka vibaya ilipofunguliwa. Daktari aliyekuwapo hakusikia harufu yoyote.

Mwaka wa 1907 Ronald Ross, aliyetuzwa Nobel kwa utafiti wake kuhusu malaria, aliungana na wanasayansi wenzake kumtetea Haffkine katika gazeti la Times mjini London. Ross alihofia jambo kubwa zaidi ya heshima ya mtu mmoja: umma ukiaminishwa kwamba maabara hutoa sumu, wengi wangeikataa chanjo huku tauni ikiendelea kuua. Mwishoni mwa mwaka huo, Haffkine aliondolewa lawama.

Alirudi India, lakini hakurejeshewa maabara yake ya Bombay. Alipewa wadhifa mdogo mjini Calcutta, akastaafu takriban miaka saba baadaye. Mwaka wa 1925 maabara ya Bombay ilipewa jina lake, na hadi leo inajulikana kama Taasisi ya Haffkine.

Alifariki Oktoba 26, 1930 mjini Lausanne, Uswisi, akiwa na umri wa miaka 70. Hakuwahi kuoa. Familia 19 za Mulkowal nazo zilibaki na makaburi yao, kwa sababu ya kibanio kilichookotwa mchangani.