Bwana Roxy na Majumba ya Senema Zisizosema

Mara nyingi kurasa hizi hueleza maisha ya wafalme, wapelelezi wa nchi na waganga. Leo nimemchagua mtu wa kazi nyingine kabisa. Hakuvumbua mashine yo yote, wala hakuigiza katika picha hata moja iliyokumbukwa. Kazi yake ilikuwa kuendesha majumba ya senema, tena katika miaka ile ambayo picha zilitembea lakini hazikusema. Jina lake ni Samuel Lionel Rothafel, na dunia ilimwita Roxy.

Alizaliwa tarehe 9 Julai 1882 katika mji wa Stillwater, jimbo la Minnesota, Marekani. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na baba yake alikuwa fundi wa viatu. Jina la ukoo lilikuwa Rothapfel. Yeye mwenyewe baadaye aliitoa herufi p. Alipokuwa kijana jamaa yake walihamia New York, na huko akajaribu kazi hii na ile bila kudumu, kisha akaingia katika jeshi la wanamaji. Alipotoka jeshini akawa mchuuzi wa kupita mlango kwa mlango. Hata miaka yake 25 ilipotimia hapakuwa na mtu aliyedhani kwamba huyu atakuwa kitu.

Safari za uchuuzi zilimfikisha Forest City, mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe katika jimbo la Pennsylvania. Akampenda Rosa Freedman, binti wa mwenye kilabu cha pombe, akamwoa, na akawa anauza vinywaji katika kilabu cha mkwewe. Nyuma ya kilabu kulikuwa na chumba kikubwa kisicho na kazi. Wakati huo Marekani nzima ilishikwa na homa ya senema: tangu mwaka wa 1905, vilipofunguliwa vyumba vya picha vya kiingilio cha senti tano huko Pittsburgh, maelfu ya vyumba kama hivyo vilitokea kila mahali. Mwishoni mwa mwaka wa 1908 Roxy alitundika kitambaa cheupe katika chumba kile, akatafuta mashine na mpiga piano, akaanza. Viti hakuwa navyo. Husimuliwa kwamba aliviazima kwa mtu wa majeneza, na siku ya maziko hapakuwa na senema, kwa sababu viti vilikuwa vimekwenda kilioni. Sisi wa Bujumbura hatuwezi kuishangaa habari hiyo. Twajua viti vya kukodi, ambavyo leo viko arusini na kesho viko matangani.

Lakini imetupasa kuelewa biashara yenyewe ilivyokuwa. Picha zilikuwa katika utepe wa seluloidi, nao ulishika moto upesi kama petroli. Mwaka wa 1897 huko Paris zaidi ya watu 120 waliteketea katika soko la sadaka, moto ulipotokea penye mashine ya picha. Kwa hiyo mwenye jumba alipaswa kuizungushia mashine chumba kisichopitisha moto, na kuwaonyesha watu milango ya kutokea. Mwanzoni mikanda iliuzwa kwa kipimo cha urefu, kama nguo, na mwenye duka la picha akabaki na mzigo wa picha ambazo mji mzima umekwisha kuziona. Baadaye ikaja desturi ya kukodi, picha mpya zikawa zinapita kutoka mji hata mji. Aliyezungusha mashine kwa mkono aliweza kuikimbiza au kuipunguza mwendo. Maneno machache yaliandikwa katikati ya picha, na asiyejua kusoma alimtegemea jirani yake, au mtu aliyesimama kando akieleza mambo kwa sauti kubwa. Kazi hiyo ya kueleza bado haijafa: katika vibanda vya picha vya mitaa ya mji wetu yuko fundi anayefasiri picha za Wachina na Wamarekani, na wengine huenda kumsikia yeye kuliko kuangalia picha.

Zaidi ya yote palihitajiwa muziki. Wenye vyumba wengi walimweka mpiga piano mmoja mchovu, naye akapiga wimbo wa kuchekesha huku mtu anakufa katika picha. Hapo ndipo Roxy alipotofautiana nao. Yeye aliitazama picha kwanza peke yake, akachagua nyimbo za kuifuata sehemu kwa sehemu, akaamuru mashine ipunguzwe mwendo penye huzuni. Akageuza rangi za taa. Husemwa hata kwamba alipoonyesha picha ya sherehe za mawaridi huko California, aliweka manukato mbele ya feni ili ukumbi unukie. Nadhani siri yake ilikuwa hiyo: alijua kwamba watu wale wa migodini, waliotoka chini ya ardhi na masizi usoni, walitaka kupokewa kama wageni wa heshima.

Sifa zake zikaenea. Wenye majumba makubwa ya michezo wakamwita awatengenezee maonyesho. Akafanya kazi Milwaukee na Minneapolis. Mwaka wa 1913 akapewa jumba la Regent, mtaa wa Harlem, New York, lililokuwa karibu kufungwa kwa kukosa watu. Akaleta okestra, akaipanga jukwaani watu waione, na jumba likajaa. Toka hapo alipanda kama mtu apandaye ngazi: Strand mwaka wa 1914, lenye viti karibu 3,000; Rialto mwaka wa 1916; Rivoli mwaka wa 1917; na Capitol mwaka wa 1920. Katika okestra ya Capitol alikuwamo kijana mgeni kutoka Hungaria, Eugene Ormandy, aliyeanza katika viti vya nyuma vya wapiga fidla, naye baadaye akawa kiongozi mashuhuri wa okestra ya Philadelphia. Mwaka wa 1922 Roxy akaanza kutangaza maonyesho yake kwa redio. Watu wa mashamba ya mbali, ambao hawakupata kuiona New York, wakamwandikia barua kama ndugu yao.

Miaka ileile huku kwetu Afrika Mashariki biashara hiyo nayo ilikuwa ikikua. Huko Vuga, Unguja, mapema katika miaka ya 1920, lilifunguliwa jumba la Royal, mali ya Bwana Hassanali Adamji Jariwalla. Aliyelichora ni John Sinclair, yuleyule aliyekuwa Balozi Mkazi wa Waingereza. Jumba hilo liliungua katika miaka ya 1950, na mahali pake pakajengwa Majestic.

Sasa twafika kwenye kilele. Tarehe 11 Machi 1927 lilifunguliwa New York jumba lenye jina lake mwenyewe, Roxy Theatre. Lilikuwa na viti 5,920, na gharama yake yasemwa ilikaribia dola milioni 12. Okestra yake ilikuwa na watu 110. Kulikuwa na ogani ya wapigaji watatu, chumba cha wagonjwa na wauguzi wake, na vijana wa kuwaongoza watu vitini, waliofundishwa kwata kama askari. Fedha hizo hazikuwa zake. Kabla ya milango kufunguliwa William Fox, tajiri wa picha, alikuwa amekwisha kununua sehemu kubwa. Picha ya kwanza ilikuwa ya Gloria Swanson, nayo haikusema.

Basi angalieni jinsi mambo yalivyogeuka. Tarehe 20 Mei mwaka uleule, Charles Lindbergh aliruka kwa ndege asubuhi kwenda Paris, na usiku huohuo, ndani ya jumba la Roxy, watu waliiona ndege ikiondoka na kuusikia mngurumo wake kwa mashine mpya ya Fox. Watu walisimama wakapiga kelele za furaha. Mwezi wa Oktoba ikatoka picha ya The Jazz Singer, na katika miaka michache maelfu ya wapiga muziki wa senema walikosa kazi. Jumba dogo lenye spika mbili liliweza sasa kupata sauti ileile iliyopatikana katika jumba la watu 110. Ufundi ambao Roxy aliujenga kwa miaka 20 ulipungua bei mikononi mwake. Mimi namwonea huruma, ingawa wengine husema aliyataka mwenyewe kwa kupenda makubwa.

Hakukata tamaa. Mwaka wa 1931 aliondoka, akaanza kazi ya Radio City Music Hall, iliyofunguliwa tarehe 27 Desemba 1932, wakati Marekani ilipokuwa katika shida kubwa ya kazi na fedha. Usiku ule maonyesho yaliendelea hata saa nane za usiku zikapita, watu wakachoka wakaondoka, magazeti yakayakosoa. Roxy mwenyewe aliugua, akapelekwa hospitali, na akiwa huko wenye mali wakaubadilisha mpango wake wote. Alirudi, wakashindwa kupatana, akajiuzulu mwaka wa 1934. Akajaribu tena jumba moja huko Philadelphia, nalo halikudumu.

Tarehe 13 Januari 1936 alikutwa amekufa usingizini katika chumba cha hoteli, New York. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Roxy Theatre ilibomolewa mwaka wa 1960. Radio City ingali inajaza watu. Na lile la Regent la Harlem, alipoanzia New York, lilinunuliwa na Wabaptisti katika miaka ya 1960, na hata leo ni kanisa.